Swichi Kwanza, Jenereta Baadaye

Tarehe 10 Desemba 2009 njia ya umeme iliyokuwa ikivuka bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba, Unguja, iliharibika. Kisiwa kizima kikakaa bila umeme wa gridi hadi tarehe 9 Machi 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Mei na Juni 2008, Unguja ilikuwa imekaa gizani karibu mwezi mzima kwa hitilafu ya njia hiyohiyo. Pampu zilisimama na mabomba yakakauka. Mwenye samaki na mwenye nyama walihangaika na barafu. Jenereta ndogo za petroli zikawa zinanguruma mbele ya maduka na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba moshi wa huyu huingia dirishani kwa yule.

Hali imebadilika tangu siku hizo. Unguja ilipata kebo mpya ya megawati 100 mwaka 2013. Bara, Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mapema mwaka 2024, na mgao ule wa ratiba tulioujua mwaka 2006, 2011 na 2022 haupo tena midomoni mwa watu kama zamani. Lakini umeme bado unakatika. Nguzo inaanguka, transfoma inalipuka, tawi la mwembe linadondokea waya, masika yanaingia na mtaa mzima unalala gizani. Hata gridi nzima huweza kuanguka kwa mara moja: tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme usiku, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ukaonja giza kwa sababu jenereta mojawapo haikuwaka ilipohitajika.

Kwa hiyo watu wataendelea kununua jenereta, na si vibaya. Tatizo langu ni namna tunavyozinunua. Mteja akifika dukani, swali lake la kwanza huwa ni kVA ngapi, la pili ni bei gani. Akishalipa, mashine inapakiwa kwenye bajaji, inafika nyumbani, ndipo watu wanapoanza kutafuta itakaa wapi na itaunganishwaje. Mahali panapatikana kwa kubahatisha, na waya unaungwa na kijana yeyote anayejua kukaza skrubu. Nasema mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Mahali pa kuiweka na namna ya kuiunganisha ndiyo maswali mawili ya kwanza, na kama mtu hana majibu yake, basi hajawa tayari kumiliki jenereta, hata awe na fedha za kununua tatu.

Nianze na mahali, maana hapo ndipo panapoua watu wengi zaidi, tena kimyakimya.

Injini ya petroli inapochoma mafuta hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ikishajaa hewa hiyo haibebi tena oksijeni ya kutosha kwenda kwenye ubongo na moyo. Ni hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, jambo ambalo Arusha, Mbeya na Njombe linajulikana vizuri. Watu wetu wanaogopa jiko la mkaa ndani, na wana haki. Ajabu ni kwamba hofu hiyo haijahamia kwenye jenereta, ilhali jenereta moja ndogo hutoa hewa hiyo kwa wingi unaozidi wa mamia ya magari ya kisasa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Soma tena orodha hiyo kwa macho ya mtu wa pwani: ndiyo malaria yenyewe, au uchovu wa siku. Mtu anameza dawa ya maumivu, anajilaza, na aliyelala hana dalili ya kumwamsha. Ndiyo maana vifo hivi aghalabu hugunduliwa asubuhi, na huwa vya chumba kizima. Anayeanza kuhisi hivyo jenereta ikiwaka atoke nje mara moja, awatoe wengine, kisha aende hospitali na kuwaeleza waganga kwamba kulikuwa na jenereta. Asipolisema hilo, anaweza kupimwa malaria na kurudishwa nyumbani.

Umbali unaotakiwa si siri. Mamlaka za usalama za Marekani, nchi ambako jenereta za kubebeka huua makumi ya watu kila mwaka, husema mashine ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekezwa mbali na milango na madirisha. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana mwaka 2020, sehemu kubwa ya waliokufa hawakuuawa na upepo wala maji. Waliuawa na hewa ya jenereta walizowasha baada ya kimbunga kupita. Na kufungua madirisha hakutoshi. Barazani hakufai, stoo haifai, bafuni hakufai, chini ya ngazi hakufai, gereji yenye mlango wazi haifai.

Hapa lazima niseme kwa nini watu wenye akili timamu huiingiza jenereta ndani. Wanaogopa wezi. Mashine ya kubebeka, kama jina lake linavyosema, hubebeka na yeyote. Wengine wanaogopa mvua, wengine wanawaonea haya majirani kwa kelele. Sababu zote tatu ni za kweli, na kuwaambia watu tu kwamba ni hatari bila kuwapa njia ni kuwaacha pale walipo. Njia ipo: kibanda cha nondo chenye bati juu na pande zilizo wazi, sakafu ya zege iliyoinuliwa kidogo, mnyororo wenye kufuli uliopitishwa kwenye fremu ya mashine na kufungwa kwenye pete iliyojengewa ndani ya zege. Mvua haiingii, mwizi anahangaika, hewa inapita. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaitengeneza kwa siku chache.

Lakini kibanda hicho kinataka uwanja. Manzese, Kibera au Ng'ambo, ambako kutoka ukuta hadi ukuta ni hatua mbili, hizo mita 6 hazipo, na ukijitahidi kuisogeza mbali na dirisha lako unakuwa umeisogeza kwenye dirisha la mwenzako mwenye mtoto mchanga. Hukumu yangu kwa nyumba za namna hiyo ni moja: jenereta ya petroli si chombo chake. Nitarudi kwenye njia mbadala.

Sasa maunganisho. Kuna waya ambao kila mji wa Afrika Mashariki unaujua: una plagi ya kiume pande zote mbili. Upande mmoja unachomekwa kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi yoyote ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Ni rahisi, hauna gharama, na fundi anayekutengenezea huonekana mjanja. Ni hatari mara nne, na inafaa kuzieleza moja moja kwa sababu watu huambiwa ni hatari bila kuambiwa kwa nini.

Ya kwanza iko mkononi mwako. Plagi ile ikichomoka ukutani wakati jenereta inawaka, vile vyuma vyake vinabaki wazi vikiwa na volti 230. Mtoto akiiokota, au wewe ukiishika gizani ukitafuta soketi, hakuna kinga yoyote kati ya kidole na umeme.

Ya pili iko ndani ya ukuta. Soketi zetu zimeundwa kubeba ampea 13, yaani kama kilowati 3. Jenereta ya kVA 5 inaweza kutoa ampea zaidi ya 20. Mzigo wote wa nyumba ukipita kwenye soketi moja, tena kinyume cha mwelekeo uliokusudiwa, waya huchemka ndani ya plasta pasipoonekana, na breka iliyowekwa kulinda sakiti hiyo inakuwa imerukwa.

Ya tatu inatoka nje na kwenda kwa watu wengine. Umeme ulioingizwa kwenye soketi hufika kwenye ubao wa breka, hupita meni swichi, hupita mita ya LUKU na kutoka barabarani. Ukifika kwenye transfoma, ile mashine inayoshusha volti 11,000 au 33,000 hadi 400 na 230 hufanya kazi yake kinyume na kuzipandisha. Mafundi wenye ubishi hujibu kwamba jenereta ndogo haiwezi kulisha mtaa mzima, itazima kwa kuzidiwa mara moja. Mara nyingi wanasema kweli, na ndiyo maana wengi wamefanya hivi kwa miaka bila kuona madhara. Lakini fikiria umeme umekatika kwa sababu gani. Mti umeangukia waya unaokuja kwako, waya umekatika na kulala chini kwenye tope. Mtaa haupo tena upande wako wa waya. Hakuna wa kuizidi nguvu jenereta yako. Waya ule ulioanguka, ambao kila mpita njia anaamini umekufa kwa kuwa mtaa mzima uko gizani, una volti 230 kutoka nyumbani kwako. Na fundi wa TANESCO anayekuja usiku na mvua ikinyesha kuurudisha nguzoni ana familia kama wewe. Taratibu za kazi zinamtaka aupime waya na kuutia ardhini kabla ya kuushika, lakini uhai wake haupaswi kutegemea kwamba usiku huo, kwenye mvua hiyo, hakusahau hatua hata moja.

Ya nne inakuja umeme unaporudi. Jenereta na gridi zikikutana kwenye waya mmoja bila kupatanishwa mawimbi yake, gridi ndiyo inayoshinda. Koili za jenereta huungua, wakati mwingine na tangi la petroli liko sentimita chache juu yake.

Wapo wanaosema: mimi huzima meni swichi kwanza. Naam, ukizima, hatari ya tatu na ya nne zinaondoka kwa usiku huo. Lakini usalama unaotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja hauishi muda mrefu. Siku usipokuwepo, mwanao au dada wa kazi atawasha. Kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja, mpangaji wa chumba cha mbele atachomeka waya wake bila hata kujua meni iko wapi, na atavitia umeme vyumba vya wenzake waliodhani umekatika na wanarekebisha soketi.

Dawa ni swichi ya kubadilisha njia, ambayo mafundi na wenye maduka ya Kariakoo huiita chenjiova. Ina nafasi tatu: TANESCO upande mmoja, sifuri katikati, jenereta upande wa pili. Muundo wake wenyewe hauruhusu pande mbili kushikana kwa wakati mmoja. Hakuna cha kukumbuka wala kusahau. Kwa nyumba ya kawaida ya fezi moja ile ya ampea 63 inatosha, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya jenereta. Sharti ni kwamba iwe inayokata nyaya zote mbili, wa moto na nyutro. Zile zinazokata wa moto peke yake huiacha nyutro ya nyumba yako ikiwa imeshikana na ya mtaa.

Kutoka kwenye chenjiova, fundi hushusha kebo hadi ukuta wa nje na kufunga plagi ya kiume ya kuingizia umeme, yenye kifuniko cha kuzuia mvua, ya ampea 16 au 32. Jenereta inaunganishwa hapo kwa kebo ya nyaya tatu yenye unene wa milimita za mraba 2.5 kwa mashine ndogo, na mnene zaidi kwa kubwa au umbali ukizidi. Kebo ikunjuliwe yote. Ikibaki imezungushwa kwenye kibiringi chake hupata joto na kuyeyuka.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Nyumba nyingi mpya zina swichi ya kinga ya miliampea 30, ile wanayoiita RCD, ambayo hukata umeme mtu anapopigwa shoti. Kinga hiyo hufanya kazi kwa sababu nyutro ya TANESCO imeunganishwa na ardhi kwenye transfoma. Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani nyutro yake ikiwa haijaunganishwa na kitu. Chenjiova ikishakutenga na mtaa, nyumba yako inakosa njia ile ya kurudi, na RCD inabaki ukutani kama pambo: friji ikiwa na hitilafu, hakuna kinachokata. Fundi anatakiwa kuunganisha nyutro ya jenereta na ethi upande wa jenereta, mahali pamoja tu, kisha kupima ile fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini kama kweli inashika. Kwenye mchanga mkavu wa Dar es Salaam na mawe ya matumbawe ya Unguja, fimbo iliyochomekwa tu bila kupimwa haithibitishi chochote. Akimaliza, abonyeze kitufe cha kujaribia cha RCD na apime kwa kifaa huku jenereta ikiwaka, mbele ya macho yako.

Hii ni kazi ya fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Muulize aioneshe. Asiyekuwa nayo atakufanyia kwa bei nafuu, na hakuna wa kumuuliza nyumba ikiungua.

Ambaye hawezi gharama hiyo kwa sasa ana njia halali isiyohitaji fundi: asiiunganishe jenereta na nyumba kabisa. Apitishe waya mmoja mzuri wa kurefusha, mnene, usio na viraka, kutoka kwenye jenereta iliyo uani hadi kwenye friji na taa moja. Haipendezi, na waya unapita mlangoni. Lakini hauna hatari yoyote kati ya zile nne, na kwa mashine ya chini ya kVA 2 ndiyo njia ninayoipendekeza.

Ukubwa wa mashine, swali lile la kwanza la dukani, halina ugumu mkubwa. Jumlisha wati za vitu utakavyowasha kwa pamoja, kisha kumbuka kwamba vyenye mota huvuta mara kadhaa zaidi vinapoanza. Friji inayotumia wati 150 inaweza kudai 600 au zaidi kwa sekunde moja. Pampu ya maji ya hospawa moja hudai hata kilowati 3. Pasi na birika la umeme visahau. Soma kwenye kibandiko namba ya nguvu ya kudumu, si ile ya juu kabisa iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Anayeishi Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, apunguze tena: hewa nyembamba hupunguza nguvu ya injini kwa takriban asilimia 3 kila mita 300, kwa hiyo ataipata pungufu kwa asilimia 15 au zaidi. Na mashine ikaguliwe. Oili kabla ya kila kuwasha, ibadilishwe baada ya saa 20 za mwanzo na kisha kila saa 50 hadi 100. Petroli isiachwe kwenye kabureta miezi mitatu ikageuka gundi. Iwashwe mara moja kwa mwezi, na mzigo juu yake, ili isikufanyie yale ya Nairobi. Mafuta yajazwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, bila mshumaa wala koroboi karibu.

Tunakuja kwenye fedha, ambazo kwa maoni yangu zinaamua suala hili kwa familia nyingi. Jenereta ya kVA 2.5 ikibeba kilowati moja na nusu hunywa kama lita moja kwa saa. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, uniti moja inakugharimu shilingi 2,000, wakati mteja wa kawaida wa TANESCO huilipia takriban 356 pamoja na kodi. Hapo ni mashine iliyoshiba mzigo. Ukiiwasha kwa ajili ya taa, runinga na ruta ya intaneti, jumla ya wati 300, itakunywa zaidi ya nusu lita kwa saa, na uniti itavuka shilingi 5,000. Hakuna umeme ghali kama huo mjini.

Na sasa, mgao wa ratiba ukiwa umepungua, kukatika kwingi ni kwa saa mbili, tatu, nne. Kwa giza la namna hiyo, betri ya lithiamu yenye uniti moja pamoja na inveta yake huendesha taa, runinga na ruta kwa saa tatu hivi, bila moshi, bila kelele, bila kibanda cha nondo. Inachajiwa na LUKU umeme ukiwepo, au na paneli ya jua. Hii ndiyo njia mbadala niliyoahidi kwa nyumba za Manzese na Ng'ambo, na kwa kweli ni ya nyumba nyingi zaidi ya hizo. Ikiunganishwa na nyaya za nyumba nayo inataka chenjiova. Umeme wa betri unarudi barabarani kama wa jenereta.

Jenereta inabaki na kazi yake: duka la nyama au samaki, nyumba yenye kisima na pampu, zahanati, kijiji ambako transfoma ikiungua mafundi huchukua wiki kufika, na miezi kama ile mitatu ya Unguja. Wenye mahitaji hayo, na wenye uwanja wa mita 6, wanunue. Lakini waanze na fundi mwenye leseni, chenjiova ya nyaya mbili na kibanda cha nje. Vikishakuwa tayari ndipo waende dukani. Na wewe ambaye una ule waya wenye plagi mbili za kiume stoo, tafadhali ukate leo, plagi moja uitupe, usimpe hata jirani.